Siku Nne Osaka na Watoto: Mwongozo Kamili wa Safari Fupi ya Familia Japani

Safari fupi ya familia Japani mara nyingi haiharibiwi na fedha. Inaharibiwa na kuhama hoteli. Mtu ana siku nne, anataka Tokyo, Kyoto na Osaka zote, na treni ya mwendo kasi inamshawishi kwamba inawezekana, maana Tokyo hadi Kyoto ni kama saa mbili na robo tu. Hesabu hiyo haina kufunga masanduku asubuhi, haina kumtafutia mtoto choo katikati ya stesheni yenye milango kumi, wala haina kusubiri chumba ambacho hoteli haifungui mpaka saa tisa alasiri. Ukijumlisha yote, kila kuhama kunakula siku nzima.

Kwa hiyo hapa tunapanga mji mmoja na kitanda kimoja: Osaka, kulala mara nne. Ni mpango unaomfaa aliyekwenda Japani kwa kozi au kwa biashara ya magari yaliyotumika na familia ikamfuata, na pia familia inayotoka moja kwa moja Nairobi, Dar es Salaam au Ghuba. Tumechukua mfano wa wazazi wawili na watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 3.

Kwa nini si Tokyo? Tokyo ni nzuri, ila ni pana mno kwa siku nne ukiwa na mtoto anayetaka kubebwa. Osaka sehemu kubwa ni tambarare, uwanja wake wa ndege una treni ya moja kwa moja hadi katikati ya mji, na mji wa Nara wenye kulungu wanaotembea huru uko dakika 40 kwa treni. Mtoto akichoka huko, mnarudi hotelini kabla hajaanza kulia kwa dhati.

Wiki kwanza, ndege baadaye

Likizo za shule za kwetu hazilingani vizuri na hali ya hewa ya Japani, na hapo ndipo wengi hukosea. Juni, wakati shule za Tanzania zimefungwa, ndio msimu wa mvua wa Osaka, na mvua hizo huendelea hadi katikati ya Julai. Agosti, likizo ya Kenya, joto hupita nyuzi 35 likiwa na unyevu kama wa Mombasa mwezi Machi, ila bila upepo wa bahari. Katikati ya Agosti pia kuna Obon, Wajapani wanaporudi kwao, na vyumba hupanda bei. Agosti na Septemba ni miezi ya vimbunga. Tarehe 4 Septemba 2018 kimbunga kiliufurisha uwanja wa ndege wa Kansai, ule wa Osaka uliojengwa juu ya kisiwa, meli ikagonga daraja lake, na maelfu ya abiria wakakwama kisiwani.

Wakati unaofaa zaidi kwa familia ya Afrika Mashariki ni mwanzo wa Desemba hadi kama tarehe 25. Ni baridi, mchana nyuzi 10 hadi 13 na usiku 4 au 5, lakini ni kavu, na mji hauna msongamano wa mwaka mpya. Epuka tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari, maduka na makumbusho mengi hufungwa. Epuka pia tarehe 29 Aprili hadi 5 Mei, wiki ambayo sikukuu za Wajapani zimefuatana na nchi nzima iko safarini. Maua ya micheri mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili ni mazuri kweli, lakini utalipia chumba bei ya maua.

Kwa baridi ya Desemba usinunue makoti mazito huku nyumbani. Mkivaa fulana ya mikono mirefu, sweta na koti jepesi la upepo mtavuka siku ya kwanza. Baadaye duka lolote la Uniqlo lina nguo za ndani za joto kwa bei ya kawaida.

Viza na makaratasi

Pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinahitaji viza. Wenye pasipoti za Uingereza, Marekani, Kanada na nchi nyingi za Ulaya huingia kwa matembezi hadi siku 90 bila viza. Maombi hupelekwa ubalozi wa Japani unaohudumia nchi unayoishi, na kila mwanafamilia, hata mtoto mchanga, ana fomu yake.

Andaa hivi: fomu, picha, ratiba ya safari siku kwa siku pamoja na jina la hoteli, uthibitisho wa nafasi ya ndege, barua ya mwajiri au cheti cha biashara, taarifa ya benki, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama kuna mwenyeji Japani, ongeza barua ya mwaliko na ya udhamini. Mzazi mmoja akisafiri na watoto, barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iwepo. Ombi lililokamilika huchukua kama siku tano za kazi, lakini karatasi ikipungua muda unarefuka, kwa hiyo peleka wiki sita kabla. Usipeleke mapema kupita kiasi pia, kwa sababu viza ya kuingia mara moja huishi miezi mitatu tangu itolewe.

Kinachoangusha wengi ni ratiba isiyolingana na fedha. Ukiandika miji mitano kwa siku nne, au benki ikaonyesha pesa nyingi zilizoingia wiki iliyopita tu, afisa ana haki ya kuuliza. Na ukikataliwa, ombi jingine kwa sababu hiyohiyo halipokelewi ndani ya miezi sita. Ratiba ya mji mmoja inasaidia hata hapa, inasomeka na inaaminika. Hoteli weka ya kughairi bila malipo, na ndege usilipie kabla ya viza.

Viza ikitoka, jaza taarifa zenu kwenye Visit Japan Web, tovuti ya serikali ya uhamiaji na forodha. Mzazi mmoja anaweza kuwaingiza watoto kwenye akaunti yake. Utapata msimbo wa QR. Upige picha ya skrini, usitegemee intaneti ya uwanjani.

Mambo mawili ya forodha yanawahusu sana watu wetu. La kwanza ni nyama: sambusa za nyama, soseji, nyama kavu na kuku wa kukaanga aliyebaki safarini haviruhusiwi kuingia, na matunda mengi pia hayaruhusiwi. La pili ni dawa. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 zimepigwa marufuku, dawa za kikohozi zenye codeine zina mipaka mikali, na dawa za jamii ya amphetamine haziingii hata kwa cheti cha daktari. Dawa za kawaida za kuandikiwa unaruhusiwa kubeba za mwezi mmoja, zikiwa kwenye pakiti zake. Za zaidi ya hapo zinahitaji kibali kabla ya kusafiri.

Saa ya mwili

Osaka iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita. Ushauri mwingi wa mitandaoni umeandikwa kwa Wamarekani, ambao wakifika Japani huamka saa kumi alfajiri na kuambiwa waende hekaluni kabla ya watu. Sisi tunatoka upande wa pili, na mwili wetu unafanya kinyume. Saa tatu asubuhi ya Osaka ni saa tisa usiku ya Dar es Salaam. Saa nne usiku ya Osaka ni saa kumi jioni ya nyumbani, mtoto ndio kwanza anataka kucheza.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza usipange chochote kabla ya saa tano asubuhi. Weka mwanzoni vitu vinavyofanana na jioni, na jambo la kuamka mapema liweke siku ya tatu. Kila siku mvute mtoto kwa saa moja na nusu hadi mbili: fungua pazia, mtoe nje kwenye jua, mpe kifungua kinywa hata kama hana njaa. Usingizi wa alasiri usizidi nusu saa, la sivyo saa nane usiku mtakuwa mnatazama katuni za Kijapani mkiwa macho wote wanne.

Chumba: soma mita za mraba

Chumba cha kawaida cha hoteli ya wafanyabiashara Japani kina mita za mraba 12 hadi 18. Masanduku mawili makubwa yakifunguliwa hapo, hakuna pa kukanyaga. Kitanda kinachoitwa cha watu wawili mara nyingi kina upana wa sentimita 140. Tafuta chumba cha mita 25 na zaidi, au hoteli ya mtindo wa fleti yenye jiko dogo na mashine ya kufulia. Jiko hilo litaokoa fedha kuliko punguzo lolote, hasa kwa familia inayokula halali.

Andika idadi kamili ya watu unapoweka nafasi, pamoja na umri wa kila mtoto. Huku kwetu mtoto wa tatu huingizwa chumbani kimyakimya. Japani idadi ya watu chumbani huhesabiwa, na mapokezi wakikuta kichwa cha ziada watawauzia chumba cha pili kama kipo. Hoteli nyingi huruhusu mtoto ambaye hajaanza shule ya msingi kulala bure kitanda kimoja na mzazi, lakini wa miaka 9 anahesabiwa mtu. Pasipoti zenu zitanakiliwa, ni sheria kwa mgeni asiye na makazi Japani.

Mtaa: Namba, au Nipponbashi jirani yake. Treni ya uwanja wa ndege, treni ya Nara na njia kuu ya metro ya Midosuji zote zinakutana hapo. Umeda upande wa kaskazini ni mzuri pia, ila stesheni yake ni msitu wa kampuni tofauti za reli: ndani ya dakika chache za kutembea kuna Osaka ya JR, Osaka-Umeda ya Hankyu, Osaka-Umeda ya Hanshin, na Umeda, Higashi-Umeda na Nishi-Umeda za metro. Namba nayo ina majina manne, Namba ya Nankai, Namba ya metro, Osaka-Namba ya Kintetsu na Hanshin, na JR Namba. Kabla ya kulipia hoteli iliyoandikwa "dakika tano kutoka Namba", angalia ni Namba ipi. Ukikosea, unavuta masanduku robo saa chini ya ardhi ukitafuta lifti.

Kufika na kuzunguka

Kutoka uwanja wa Kansai chukua treni za Nankai. Rapi:t, ile ya bluu yenye uso kama wa roboti, hufika Namba kwa chini ya dakika 40. Ina viti vya kuhifadhiwa na nafasi ya masanduku. Treni ya kawaida ya haraka inachukua kama dakika 45 kwa yeni 970. Tofauti ya muda ni ndogo, ya bei ni kubwa kiasi. Ukitua usiku na watoto wamelala, lipia Rapi:t. Mchana, chukua ya kawaida.

Kadi ya treni ya huku ni ICOCA. Ya mtu mzima inauzwa kwenye mashine, yeni 500 zikiwa amana. Ya mtoto wa miaka 6 hadi 11 inatolewa dirishani kwa kuonyesha pasipoti yake, nayo hukata nusu nauli yenyewe. Walio chini ya miaka 6 hawalipi wakiwa na mtu mzima, hadi watoto wawili kwa kila mkubwa. Kuongeza salio kwenye mashine kunataka noti taslimu. iPhone huweza kubeba kadi ndani ya simu, lakini simu nyingi za Android zilizonunuliwa nje ya Japani haziwezi, kwa hiyo usipoteze saa nzima kujaribu. Kila anayelipa nauli awe na kadi yake, kwani mageti hayapitishi wawili kwa kadi moja.

Pasi ya reli ya nchi nzima, JR Pass, iliyowahi kuwa dili kubwa, ilipandishwa Oktoba 2023 hadi yeni 50,000 kwa siku saba. Kwa mpango huu ni pesa ya kutupa. Kinachofaa ni tiketi ya siku moja ya metro ya Osaka, Enjoy Eco Card: yeni 820 siku za kazi na 620 Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Nauli ya chini ni yeni 190, kwa hiyo hata kwa nauli hiyo inajilipa mkipanda mara tano siku za kazi, au mara nne wikendi na sikukuu. Haifanyi kazi kwenye treni za JR, Nankai wala Kintetsu.

Kigari cha mtoto kiwe chepesi, kinachokunjwa kwa mkono mmoja. Kila stesheni kubwa ina lifti, ila mara nyingi iko kwenye mlango mmoja tu, na si ule uliotokea wewe. Fuata alama ya lifti kabla ya kupita geti, si baada. Kwenye ngazi za umeme watu wa Osaka husimama kulia, Tokyo husimama kushoto. Epuka metro kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi. Na baba aangalie sakafu ya jukwaa la njia ya Midosuji: siku za kazi behewa la sita ni la wanawake peke yao kutwa nzima.

Fedha, umeme na simu

Shilingi zetu hazibadilishwi Japani. Beba dola kiasi na kadi mbili za benki tofauti. Mashine za fedha ndani ya maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za nje. Kila mzazi awe na yeni 10,000 taslimu mfukoni, kwa sababu vibanda vya chakula na baadhi ya mahekalu havipokei kadi. Bakshishi haitolewi, na ukiiacha mezani mhudumu atakufuata nayo barabarani.

Umeme ni volti 100 na tundu ni la pini mbili bapa, kwa hiyo plagi zetu za pini tatu zinahitaji kigeuzi. Chaja za simu hazina shida. Shida inakuja wakati wa kurudi: jiko la wali la Kijapani linavutia sana dukani, lakini la volti 100 likichomekwa kwenye volti 240 za nyumbani linaungua siku hiyohiyo. Kama unalitaka, tafuta duka lenye bidhaa za wasafiri na usome volti nyuma ya chombo.

Chakula

Kwa wasio na masharti ya chakula, Osaka haina tatizo. Mpwani yeyote atapenda kujua kwamba chakula cha mtaani kinachoutambulisha mji huu ni pweza. Takoyaki ni vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, nane kwa yeni 600 hadi 800 hivi. Nje vinaonekana vimepoa, ndani ni uji wa moto. Vipasue na mvisubiri dakika tatu, ulimi wa mtoto ukiungua siku ya kwanza atakataa kila kitu baadaye.

Kwa Waislamu, nguruwe na pombe hujificha. Supu ya rameni, tambi za Kijapani, mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe, okonomiyaki, chapati nene ya kabichi, huwekwa vipande vya nyama yake juu, na michuzi mingi hutiwa mirin au sake, ambazo ni pombe za kupikia. Hata unga na mchuzi wa takoyaki uulizie. Jifunze maandishi matatu na uyahifadhi kwenye simu: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe, ゼラチン ni jeletini, iliyomo kwenye peremende na mtindi mwingi. Kamera ya programu ya tafsiri inasoma pakiti vizuri kuliko inavyosoma menyu ya mkono. Namba na Umeda kuna migahawa ya Kihindi na ya Kipakistani inayopika halali, na mipya ya Kijapani yenye cheti inaongezeka. Tafuta mbili karibu na hoteli kabla ya kuondoka nyumbani. Mkiwa na jiko, samaki, mayai, wali na mboga za supamaketi vinatosha jioni mbili, na baada ya saa moja na nusu usiku vyakula vilivyopikwa hupunguzwa bei kwa stika.

Kibla, kwa anayezoea kuelekea kaskazini kutoka Dar es Salaam au Mombasa, Osaka ni magharibi ikipinda kaskazini. Uwanja wa ndege wa Kansai una chumba cha kusalia.

Lugha haitawatesa. Wahudumu wengi hawazungumzi Kiingereza sana, lakini wanakupeleka mpaka mlangoni. Na usishangae ukisalimiwa kwa Kiswahili: Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada.

Bajeti

Bila ndege na viza, familia ya mfano wetu ipange hivi. Chumba, yeni 30,000 kwa usiku mara nne, ni 120,000, pamoja na kodi ndogo ya malazi kwa kila kichwa. Chakula 11,000 kwa siku, 44,000. Universal Studios, bustani ya michezo, kama 26,000 kwa watu watatu, maana mtoto wa miaka 3 haingii hesabuni. Akwariamu 9,000. Treni za uwanja wa ndege kwenda na kurudi 5,000, Nara pamoja na hekalu 5,500, ngome 2,400, metro 9,000. Weka akiba ya 20,000. Jumla inakuja kama yeni 240,000. Ukitaka kuikata, kata Universal Studios kwanza. Chumba usikikate.

Bima ya safari si ya kupuuza. Hospitali humtaka mgeni alipe palepale. Namba ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, polisi ni 110.

Siku ya kwanza: bahari, halafu taa

Amkeni mtakapoamka. Saa nane mchana muwe Kaiyukan, akwariamu iliyofunguliwa 1990, dakika tano kwa miguu kutoka stesheni ya Osakako ya njia ya Chuo. Tiketi hununuliwa mtandaoni kwa saa maalumu ya kuingia. Mnapanda hadi ghorofa ya juu na kushuka polepole mkilizunguka tangi kubwa la katikati, anamoogelea papa potwe, yuleyule anayeonekana Mafia. Mtoto ataliona tangi lilelile kwa vina tofauti, kwa hiyo msigombanie nafasi kwenye kioo cha kwanza. Tenga saa mbili na nusu. Gurudumu kubwa la Tempozan, lenye kimo cha mita 112.5, liko nje mlangoni.

Jioni nendeni Dotonbori kutazama taa za matangazo juu ya mfereji. Kigari kiacheni hotelini, umati ni mzito. Saa moja inatosha.

Siku ya pili: kulungu wa Nara

Ondokeni saa tano asubuhi. Kutoka Osaka-Namba, Kintetsu inafika Kintetsu-Nara kwa dakika 40 hivi kwa yeni 680. Pandeni treni ya haraka ya kawaida. Ile ya kifahari inadai nyongeza na haifiki mapema kwa kiasi cha maana. Msiende kwa JR, stesheni yake iko mbali zaidi na hifadhi.

Kulungu ni zaidi ya elfu moja na wanatembea huru. Biskuti zao zinauzwa yeni 200 fungu, na chakula kingine hakiruhusiwi. Makosa hutokea hapa: mtoto anashika fungu zima mkononi, kulungu watano wanamzunguka, anaanza kukimbia, wanamkimbiza na kung'ata koti. Mzazi ndiye ashike fungu, ampe mtoto biskuti moja moja. Zikiisha, onyesheni viganja vitupu, wanaelewa. Ramani na tiketi ziingie begini, karatasi wanaila. Msimu wa vuli madume huwa wakali, wapiteni kwa mbali.

Hekalu la Todai-ji ni mwendo wa dakika 20 kutoka stesheni. Wakubwa yeni 800, watoto wa shule ya msingi 400. Ndani kuna sanamu ya Buddha ya shaba yenye kimo cha karibu mita 15, na nguzo moja ina tundu chini linalosemekana kulingana na tundu la pua ya sanamu. Watoto hupenya, wakubwa hukwama na kuvutwa miguu. Rudini kabla ya saa kumi na moja, treni zisijae.

Wanaosikitikia Kyoto wanaweza kuibadilisha na Nara, si kuziunganisha. Nendeni hekalu la Fushimi Inari peke yake, kwenye milango myekundu. Ni bure na halifungwi, lakini baada ya saa tatu asubuhi msongamano unaondoa raha, na ngazi hazitaki kigari.

Siku ya tatu: Universal Studios

Sasa mwili umesogea na kuamka saa kumi na mbili kunawezekana. Kutoka Umeda chukueni JR hadi Universal-City, mara nyingine mkibadilisha Nishikujo. Fikeni saa moja kabla ya muda uliotangazwa, kwa sababu geti hufunguliwa mapema siku za watu wengi. Tiketi nunueni wiki kadhaa kabla, bei hubadilika kwa siku, na Jumanne hadi Alhamisi ndizo nafuu.

Eneo la Nintendo hujaa, na likijaa mnaingia kwa tiketi ya muda inayotolewa bure ndani ya programu ya bustani, baada tu ya kupita geti. Programu iwe tayari kwenye simu na tiketi zenu zimeingizwa usiku wa kuamkia. Mchezo wa Mario Kart unataka kimo cha sentimita 122, au 107 akiwa na mkubwa. Mpime mtoto nyumbani. Kumwambia "hapana" baada ya foleni ya saa moja na nusu ni adhabu kwa familia nzima.

Siku ya nne: ngome, masanduku na treni ya kurudi

Kabidhini chumba na muache masanduku mapokezi, hoteli huyatunza bure hadi jioni. Viwanja vya ngome ya Osaka havilipiwi na vina nafasi ya kukimbia. Mnara alianza kuujenga mtawala wa kivita Toyotomi Hideyoshi mwaka 1583, lakini unaouona ni wa zege wa 1931, una lifti na makumbusho ndani. Kuingia ni yeni 1,200 kwa mkubwa, watoto hadi shule ya kati bure. Kama foleni ni ndefu, urukeni bila majuto, uzuri wake uko nje.

Alasiri ni ya Doguyasuji, kichochoro cha vyombo vya jikoni nyuma ya Namba. Visu vinavyonunuliwa hapo viingie sanduku la kuingizwa tumboni mwa ndege.

Muwe uwanjani saa tatu kabla ya ndege. Mkirudi kwa Nankai hakuna mtego. Mkirudi kwa JR, kumbukeni kwamba treni ya haraka hukatwa vipande viwili katika stesheni ya Hineno: behewa la 1 hadi la 4 linaendelea uwanja wa ndege, la 5 hadi la 8 linakwenda Wakayama. Namba ya behewa imeandikwa mlangoni. Iangalieni kabla ya kupakia masanduku, maana kuyahamisha Hineno na mtoto aliyelala begani ni dakika chache mno.